Tawi liotapo mizizi kabla ya kuliacha shina

Stechford ni kitongoji cha mashariki ya jiji la Birmingham, nchini Uingereza, dakika chache kwa treni kutoka kituo kikuu cha New Street. Mto Cole unapita kando yake, barabara zake zimepangwa nyumba za matofali zilizokaribiana, na nyuma ya nyumba nyingi kuna kiwanja kidogo. Kimoja kina majani yaliyofyekwa, kingine kimesakafiwa kwa saruji, na kingine kina mti mmoja tu ambao hakuna akumbukaye nani aliupanda. Mwezi Juni, majani ya mti kama huo yakiwa yamekwisha kukomaa, jirani akichungulia juu ya ua aweza kuona tawi limefungwa kitu mfano wa bendeji: kifurushi cha nailoni nyeusi, ukubwa wa dafu dogo. Tawi hilo halikuvunjika. Ndani ya kifurushi mwenye bustani analishawishi liote mizizi likiwa bado juu ya mti, ili baadaye alikate na kulipanda likiwa mti kamili.

Njia hii ni ya kale. Wachina waliitumia tangu zamani kuzidisha milichi, na Bara Hindi, ambako huitwa guti, imetumika kwa mipera na milimau. Katika maandishi ya kilimo hutajwa mara nyingi kwa jina la markoti, lenye asili ya Kifaransa. Wajapani huiita toriki, maana yake kuuchukua mti. Na ni Wajapani walioifanya kuwa mojawapo ya nguzo za sanaa ya bonsai, sanaa ya kukuza mti ndani ya chombo kidogo ukawa na sura ya mti mkongwe wa msituni.

Kwa nini mkazi wa Stechford ajishughulishe na jambo hili? Msikilizaji na amfikirie mpangaji aliyetoka Afrika Mashariki, akakaa katika nyumba ya kukodi kwa miaka kumi. Uani alikuta mti wa mepo wa Kijapani, ndugu wa mti ule ambao jani lake limo katika bendera ya Kanada. Ameumwagilia maji, ameupogoa, watoto wake wamejificha nyuma yake wakicheza, na kila mwezi wa Oktoba umewaka rangi nyekundu mbele ya dirisha la jikoni. Sasa mwenye nyumba anaitaka nyumba yake. Vitanda vitapakiwa, sufuria zitapakiwa, lakini mti wenye urefu wa mita nne haupakiwi katika gari. Tena, kwa sheria, mti huo si wake. Swali lililobaki ni dogo, lakini kwake ni zito: je, yapo anayoweza kuondoka nayo?

Mti mkubwa katika chungu kidogo

Neno bonsai ni la Kijapani, na maana yake ni kilichopandwa katika sinia au chombo kipana. Watu wengi hudhani kwamba bonsai ni mbegu ya pekee, aina ya mti uliozaliwa kibeti. Sivyo. Mwepo, mkuyu, msonobari, hata mkwaju, yote yaweza kuwa bonsai. Kinachouzuia mti usirefuke ni udogo wa chombo, kupunguzwa kwa mizizi kila baada ya miaka kadhaa, na kupogolewa kwa matawi. Sanaa yenyewe ilianzia China, ikapelekwa Japani, na huko ikapata taratibu zake inazojulikana nazo leo.

Mkazi wa Stechford hana haja ya kusafiri hadi Japani ili kuiona. Upande wa pili wa jiji hilo hilo, katika mtaa wa Edgbaston, ziko Bustani za Mimea za Birmingham, zilizofunguliwa mwaka 1832, na humo huhifadhiwa Mkusanyo wa Taifa wa Bonsai. Mti mashuhuri kupita yote humo ni zawadi ya mji wa Omiya wa Japani. Ni mti wa jamii ya mtarakwa, ndugu wa mitarakwa ya milima ya Kenya, nao unakadiriwa kuwa na umri wa zaidi ya karne mbili. Omiya yenyewe ina kisa chake. Baada ya tetemeko kubwa la ardhi la mwaka 1923 kuiangamiza sehemu kubwa ya Tokyo, watunzaji wa bonsai walihama jijini wakatafuta ardhi safi na maji mazuri, na mwaka 1925 wakaanzisha kijiji chao huko. Walihama na miti yao, na waliweza kuhama nayo kwa sababu ilikuwa katika vyungu.

Mtu anayeanza sanaa hii ana njia kadhaa za kupata mti. Aweza kupanda mbegu, lakini itampasa kungoja miaka mingi kabla shina halijanenepa kufikia unene wa kidole gumba. Aweza kupanda kipandikizi, yaani kijitawi kilichokatwa na kuchomekwa udongoni, lakini kipandikizi chembamba hutoa mti mwembamba, na kipandikizi kinene cha mwepo mara nyingi hunyauka kabla ya kuota mizizi. Aweza kununua, na bei ya bonsai iliyokomaa si ya mtu wa kipato cha kawaida. Kuotesha tawi hewani huipita vikwazo hivyo vyote. Mwenye bustani huchagua tawi ambalo tayari ni nene, lenye mkunjo mzuri na vijitawi vilivyokaa mahali pake, akalifanya kuwa shina. Kazi ambayo mbegu ingehitaji miaka kumi au zaidi, tawi limekwisha kuifanya juu ya mti mama.

Kuna faida nyingine ambayo mafundi wa bonsai huithamini sana. Mche uliotokana na mbegu huteremsha mzizi mkuu chini kama msumari. Tawi lililooteshwa hewani halina mzizi huo. Mizizi yake hutoka kulizunguka shina na kutambaa pande zote, jambo linalofaa chombo kisicho na kina na linaloupa mti ule mwonekano wa kuikumbatia ardhi.

Njia ya maji na njia ya chakula

Ili kuelewa kwa nini tawi huota mizizi hewani, yafaa kujua kwamba ndani ya mti kuna barabara mbili. Ya kwanza imo ndani ya mbao, nayo hupandisha maji na chumvichumvi kutoka mizizini hadi majanini. Ya pili imo katika gome, nayo huteremsha sukari iliyotengenezwa na majani ili kuilisha mizizi. Kati ya gome na mbao kuna tabaka jembamba lenye unyevu, liitwalo kambiamu, ambalo kazi yake ni kuzaa seli mpya.

Mtu akiondoa kipete cha gome kulizunguka tawi, maji huendelea kupanda, kwa maana mbao hazikuguswa. Majani hayanyauki. Lakini sukari iteremkayo hufika ukingoni na kukuta daraja limevunjwa. Katika karne ya 17 tabibu Mwitalia Marcello Malpighi alivua vipete vya gome vya namna hiyo na kuona jinsi mti unavyovimba juu ya jeraha, dalili kwamba kitu fulani kilikuwa kikiteremka na sasa kimezuiwa. Zaidi ya miaka 200 baadaye, mwaka 1928, Mholanzi Frits Went alichapisha majaribio yake juu ya homoni ya ukuaji iitwayo oksini, ambayo hutengenezwa katika ncha za machipukizi na kuteremka chini. Nayo pia hukusanyika juu ya jeraha. Sukari kwa wingi, oksini kwa wingi, kisha giza na unyevu: hizo ndizo habari zinazoliambia tawi kwamba mahali hapa pawe na mizizi.

Warina asali wa Tabora na Kigoma wanaijua nusu ya kwanza ya elimu hii bila kusoma kitabu. Kwa miaka mingi katika misitu ya miombo watu wamebandua gome zima la mti, wakalikunja kuwa mzinga wa nyuki. Mti uliobanduliwa haufi siku hiyo. Majani yake hubaki ya kijani kwa muda, kwa kuwa maji bado yanapanda. Kinachokufa kwanza ni mizizi, kwa njaa, na mizizi ikifa mti mzima huifuata. Ndiyo maana walinzi wa misitu wamehimiza mizinga ya mbao badala ya magome. Jeraha linaloua mti wa mwombo na jeraha linalozaa mti mpya uani Stechford ni la namna moja. Tofauti ni kwamba la pili hukatwa juu ya tawi badala ya shina, kisha hufunikwa na kitu chenye unyevu.

Kisu, kuvumwani na nailoni

Katika hali ya hewa ya Birmingham, wakati ufaao ni kuanzia mwisho wa Mei hadi Juni, majani ya kwanza yakiwa yamekwisha kuwa magumu. Mapema kuliko hapo, mti bado unatumia akiba yake kuchipua. Kuchelewa hadi Agosti ni kuyaalika majira ya baridi yaikute mizizi ikiwa michanga.

Tawi linalochaguliwa liwe na afya na majani mengi, kwa kuwa majani ndiyo yatakayoilisha mizizi mipya. Unene wake waweza kuwa wa kidole gumba, au hata wa kifundo cha mkono. Chini ya mahali pa kukata yapo lazima matawi mengine yenye majani, la sivyo mti mama utakosa wa kuulisha.

Kisu kiwe kikali na safi. Mwenye bustani hukata duara moja kulizunguka tawi, mahali anapotaka mizizi itokee, kisha duara la pili chini yake. Umbali kati ya maduara hayo uwe mara moja na nusu hadi mara mbili ya unene wa tawi. Kwa tawi la sentimita 2, kipete ni cha sentimita 3 hadi 4. Gome la kati hubanduliwa lote. Kisha inakuja kazi ambayo wanaoanza huidharau: kuukwangua mbao mpaka ule ute wa kijani uishe kabisa. Ukibaki uzi mmoja wa kambiamu, gome jipya litajijenga juu yake, daraja litarudi, na tawi halitaona sababu ya kuota mizizi. Ukingo wa juu wa jeraha ndipo mahali pa mizizi, kwa hiyo huachwa ukiwa mnyoofu bila kuchanika. Wengi huupaka unga wa homoni ya mizizi uuzwao katika maduka ya bustani, ingawa mwepo wenye nguvu waweza kuota bila huo.

Kinachofuata ni kuvumwani, yale majani laini ya ardhi ya majimaji ambayo wauzaji huyaita sfagnamu. Hulowekwa majini kwa saa kadhaa, kisha hukamuliwa kwa nguvu mpaka yabaki matone machache tu. Donge lake hufungwa kulizunguka jeraha, likaupita ukingo wa juu, kisha huzungushiwa nailoni inayopitisha mwanga na kufungwa kwa kamba juu na chini. Chini hukazwa, na juu huachwa nafasi ndogo ya kutilia maji. Juu ya yote hufunikwa nailoni nyeusi au karatasi ya foili, kwa kuwa mizizi hupenda giza. Nailoni ile ya ndani ni dirisha: mwenye bustani huondoa kifuniko, akatazama, akafunika tena.

Kungoja

Mwepo huchukua kwa kawaida wiki 8 hadi 12, na pengine zaidi kiangazi kikiwa cha baridi. Mikuyu ya nchi za joto na miti ya elmu huwa myepesi. Misonobari ni migumu, na mingine hukataa kabisa. Katika wiki za mwanzo halionekani lolote. Kisha ukingo wa juu huvimba kama mdomo, ukatoa vinundu vyeupe, na vinundu hivyo vikarefuka kuwa mizizi myeupe inayopenya ndani ya kuvumwani.

Adui wa kwanza ni ukavu. Kuvumwani kukikauka kwa siku chache za jua kali, ncha za mizizi hufa na kazi hurudi mwanzo. Adui wa pili ni maji kupita kiasi, yanayoozesha gome. Kwa hiyo hutobolewa matundu madogo sehemu ya chini, na mwenye bustani hubonyeza kifurushi kwa kidole kila wiki kujua kama kingali chepesi na chenye unyevu. Adui wa tatu ni haraka. Mizizi miwili mitatu ikionekana upande mmoja wa nailoni, mkono hutamani kushika msumeno. Anayeufuata mkono huo hupata tawi lenye majani mia na mizizi mitatu, na majani yatakunywa kuliko mizizi iwezavyo kuleta.

Hapo ndipo mpangaji wetu anapobanwa. Mizizi ina kalenda yake, na notisi ya kuhama ina kalenda yake. Aliyepewa notisi mwezi Januari ana nafasi ndogo: tawi halitafungwa kabla ya Mei, wala halitakatwa kabla ya Agosti au Septemba. Ndiyo sababu wapandaji wenye uzoefu wanaoishi katika nyumba za kukodi hawangoji habari mbaya. Hufunga tawi moja katika majira ya joto yoyote yale, wakiwa bado na amani ya nyumba, ili siku ya kuhama ikifika wawe na mti chunguni uliokwisha kupita angalau kipupwe kimoja.

Mti wa nani?

Lakini kabla ya kisu kuna swali la haki. Sheria ya Uingereza ina kanuni ya zamani kwamba kilichopandwa ardhini huifuata ardhi. Mpangaji wa nyumba aliyenunua mche kwa fedha yake na kuupanda uani ameufanya kuwa sehemu ya kiwanja cha mwenye nyumba, na akihama haruhusiwi kuung'oa. Mahakama za huko zilikubali tangu zamani kumwachia mwenye kitalu cha biashara aondoke na miche yake, lakini mpangaji wa kawaida hakupewa nafuu hiyo. Chungu kilicho juu ya saruji ni habari nyingine, kwa sababu hicho ni mali ya aliyekiweka.

Msikilizaji wa Unguja, Pemba au Kilifi atashangaa kidogo. Katika pwani ya Waswahili, mti na ardhi huweza kuwa na wenyewe wawili. Mtu huweza kumiliki minazi au mikarafuu iliyo juu ya ardhi ya mwingine, akairithisha, akaiweka rehani, au akadai fidia yake ikikatwa. Na kwa sababu hiyo hiyo wenye mashamba wa Zanzibar, kabla ya mapinduzi ya mwaka 1964, waliwaruhusu wakazi wa mashambani kupanda mihogo na mahindi chini ya mikarafuu, lakini waliwazuia kupanda miti ya kudumu. Muhogo huliwa ukaisha. Mti hubaki, na anayeupanda hubaki na neno la kusema.

Kwa hiyo mhamiaji aliyelelewa katika mila hizo asidhani kwamba kuutunza mti kwa miaka kumi kumempa haki juu yake mbele ya sheria ya Uingereza. Njia iliyo salama ni kuomba ruhusa ya mwenye nyumba, na kuipata kwa maandishi. Ni ombi rahisi kukubaliwa, kwa kuwa tawi moja likiondolewa kwa ustadi mti hauharibiki. Jambo la pili ni kuuliza halmashauri ya jiji kama mti huo uko chini ya amri ya kuhifadhi miti. Ikiwa upo, kuukata au kuubandua gome bila idhini ya halmashauri ni kosa, hata kama mwenye nyumba amekubali. Na jambo la tatu linamhusu mwenye ndoto ya biashara: aina fulani mpya za miti hulindwa kwa haki za wagunduzi wake, na kuzizidisha kwa ajili ya kuuza kunahitaji kibali chao.

Mabishano kuhusu nani ana haki ya kuweka mizizi wapi si mageni Stechford. Mwanasiasa Enoch Powell alizaliwa katika kitongoji hicho mwaka 1912, na tarehe 20 Aprili mwaka 1968, katika hoteli moja ya Birmingham, alitoa ile hotuba yake ya kupinga uhamiaji iliyoigawa nchi. Wiki chache kabla yake Bunge lilikuwa limepitisha sheria ya kuwabana Waasia wa Afrika Mashariki, hasa wa Kenya, waliokuwa na pasi za Uingereza. Wakati huo huo mbunge wa Stechford alikuwa Roy Jenkins, aliyekiwakilisha kiti hicho kuanzia mwaka 1950 hadi 1977. Jenkins, akiwa waziri wa mambo ya ndani, alishikilia kwamba mgeni aweza kuwa mwananchi kamili bila kulazimishwa kuacha utamaduni wake, na sheria ya mwaka 1976 dhidi ya ubaguzi wa rangi ilipelekwa Bungeni chini ya uongozi wake. Hoja hizo mbili zilitoka katika viunga vile vile, na wazee wa Kiasia waliotoka Nairobi na Kampala wanaoishi Birmingham wanazikumbuka zote.

Kutoka Stechford hadi Tabora

Ingekuwa kosa kufikiri kwamba kuotesha tawi hewani ni mchezo wa watu wenye bustani za Ulaya tu. Utafiti wa kilimo mseto unaoongozwa kutoka Nairobi, makao makuu ya shirika la ICRAF lililoanzishwa mwaka 1978, umeitumia njia hii kwa miti ya matunda ya porini. Mfano mmoja ni mkusu, mti wa misitu ya miombo ya Tanzania, Zambia na Malawi, ambao matunda yake huuzwa kando ya barabara. Mkusu uliopandwa kwa mbegu huchukua zaidi ya miaka kumi kuzaa. Tena kuna mikusu ya kiume na ya kike, na mkulima hatajua aliyopanda ni ipi mpaka ichanue. Tawi lililooteshwa hewani hubeba umri na jinsia ya mti mama. Huanza kuzaa baada ya miaka michache tu, na mkulima anajua tangu siku ya kwanza kwamba ni mti wa kike na kwamba matunda yake ni matamu.

Hasara ipo pia. Mti usio na mzizi mkuu hushika ardhi kwa shida mwanzoni, na ukame huuumiza upesi. Kwa shamba hiyo ni dosari ya kuangaliwa. Kwa chungu ni faida.

Vifaa navyo hubadilika kulingana na mahali. Asiyepata kuvumwani huko Tanga au Lamu aweza kutumia usumba wa nazi uliolowekwa na kukamuliwa, au mchanganyiko wa maranda yaliyooza na udongo mwepesi. Kwa kuwa joto halikatiki, milimau, mipera na mikuyu huota mizizi katika wiki chache, na msimu bora ni mwanzo wa mvua. Msafiri lakini asishawishike kutia tawi sandukuni. Kuingiza mmea nchini Uingereza kunahitaji cheti cha afya ya mimea kutoka nchi ulikotoka, na nchi za Afrika Mashariki nazo zina masharti yao, kwa sababu mdudu mmoja ndani ya donge la udongo aweza kuangamiza mashamba ya watu wasiomjua aliyemleta.

Siku ya kukata

Mizizi ikiwa imeijaza nailoni pande zote, na ile ya kwanza imeanza kubadilika kutoka nyeupe kuwa ya hudhurungi, siku imefika. Msumeno hupita chini ya donge, na tawi hubebwa kwa mikono miwili kama mtoto aliyelala. Nailoni huondolewa, lakini kuvumwani huachwa. Kukuchambua ni kuikata mizizi ambayo bado ni laini kama tambi. Donge zima huwekwa katika chungu cha kawaida, si kile cha bonsai, likazungushiwa mchanganyiko mwepesi wenye changarawe unaopitisha maji. Mti hufungwa kwa kamba kwenye chungu ili upepo usiutikise, majani hupunguzwa kidogo, na chungu huwekwa kivulini mahali pasipo upepo.

Kipupwe cha kwanza ndicho mtihani. Mizizi iliyo ardhini hulindwa na ardhi, lakini iliyo chunguni huzungukwa na baridi pande zote. Jalidi ya Birmingham huweza kuigandisha katika usiku mmoja. Kibanda kisicho na moto, au pembe ya ukuta iliyofunikwa kwa majani makavu, hutosha. Ndani ya nyumba yenye joto hapafai, kwa maana mwepo unahitaji usingizi wa baridi ili uamke vizuri. Mwaka mzima wa kwanza mizizi haipunguzwi, wala mti haulazimishwi kuchukua sura yoyote. Kisiki kilichobaki chini ya mizizi hukatwa majira ya machipuko yanayofuata, na chombo cha bonsai hungoja mwaka wa pili au wa tatu.

Na mti mama je? Mahali tawi lilipoondolewa, jeraha hukatwa vizuri karibu na shina ili gome lijifunge. Mwezi Aprili, machipukizi mekundu hutokeza karibu na kovu, mawili au matatu, yakitafuta mwanga uliofunguka. Huenda wakati huo mpangaji mwingine amekwisha kuingia katika nyumba ile ya Stechford, na asubuhi akisimama jikoni kungoja maji ya chai yachemke, atayaona dirishani.